Kibao cha Mwisho

Wakili wangu,

Nimekwenda karakana, kuna geti la kuchomelea. Dawa ya kuungua iko juu ya friji. Malengelenge usiyatumbue. Vipande vya sahani uvizoe ukiwa umevaa viatu. ~~Usiguse jiko mpaka nirudi.~~ Chemsha chai, unywe na mdogo wako.

Najua umejifungia chumbani, unasema baba ni mnyama. Sawa. Lakini mafuta yaliposhika moto kikaangoni asubuhi, wewe ukayamwagia maji! Moto ukaruka hadi darini, mkono wa gauni lako ukawaka. Ndiyo maana nilikukaba shingo, nikakubwaga sakafuni, sahani zikavunjika, nikakutwanga kwa taulo mpaka moto ukafa. Mdogo wako alipiga mayowe akidhani nakuua.

Mafuta yakiwaka hufunikwa, hayamwagiwi maji. Vijana wote wa karakana wanalijua hilo, nimewafundisha mimi. Wewe unakwenda chuo kusomea sheria wiki ijayo, na nilichokufundisha ni kuendesha gari tu, nikatamba mtaa mzima. Kinyozi hajinyoi, lakini hata mwanawe?

Taulo lilikuwa la kuzima moto. Kile kibao cha mdomo, kilichokutoa damu, nilikuzaba moto ukiwa umeshazimika. Nilitafuta pa kuutua woga wangu, nikauona uso wako.

Jioni tutakaanga tena. Mfuniko utashika wewe. Mimi nitasimama mlangoni, mikono mfukoni.

Baba yako