Kavaluku Anataka Mbuzi Nyuma

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Shule imefungwa, na Landrova yangu imeinuliwa inchi nne! Nzioka alipoishusha kutoka kwenye jeki pale gereji yake, nusu ya soko la Kathonzweni ilisimama kuangalia. Springi mpya mbele, springi mpya nyuma. Za nyuma ndefu zaidi — Nzioka anasema gari ya mwanaume inakaa mkia juu. Nimepiga picha kumi na moja nikamtumia Katunge, mchumba wangu. Amejibu: utapandaje na suti?

Hajui nilivyoteseka tangu Pasaka. Au anajua, alikuwepo. Ule mto wa mchanga kabla ya kufika kwao, upande wa Tulia. Tumbo la gari lilikaa kwenye mchanga kama kuku anayeatamia, na baba yake, Mzee Kimeu, akaja na punda wawili kunitoa. Mzee ameendesha malori miaka thelathini na moja. Hakunicheka. Afadhali angenicheka! Alisema tu kwamba nikileta mbuzi wa ntheo, wale wa kumposa Katunge, atawapokea, lakini hataniita muthoni, yaani mkwe, mpaka nimpeleke soko la Tulia na kumrudisha, yeye akiwa kiti cha mbele akiangalia mikono yangu. Mpaka siku hiyo mimi ni "mwalimu".

Ntheo ni tarehe kumi na sita, na safari ya Mzee ni siku hiyohiyo. Wiki mbili tu.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeenda mjini Wote na kurudi. Mungu wangu.

Ikifika sitini, gari inaenda inakotaka yenyewe. Nakata kushoto kidogo — inafikiria, halafu inaenda kushoto sana. Narudisha — inaenda kulia sana. Usukani ukishakatwa haurudi. Mama mmoja mwenye gunia la ndengu aliruka mtaro, gunia na yeye. Nilimwomba msamaha kupitia dirishani nikiwa tayari upande wa pili wa barabara.

Dada yangu Mbula alikuwa ndani. Ameipa jina: Kavaluku. Sungura, kwa vile inaruka huku na huku. Jioni jirani ameniuliza kama Kavaluku ameshiba.

Jumatano, 6 Agosti

Nzioka amesema ni magurudumu hayajanyooshwa. Ameyanyoosha. Imekuwa mbaya zaidi. Akasema ni upepo. Hakukuwa na upepo. Mwisho akasema gari ni sawa, ni mimi sijaizoea.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata! Miaka tisa nafundisha pembe, na pembe iliyo chini ya gari yangu sikuijua. Aibu, lakini nimepata.

Nilishinda asubuhi yote chini ya Kavaluku na ile protrakta kubwa ya ubaoni, uzi, na nati ya kuvuta uzi uwe wima. Ni hivi. Uma wa mbele wa baiskeli haujasimama wima, umelalia nyuma kidogo. Ndiyo maana ukiwa kwa mwendo unaweza kuachilia mikono na inaenda tu. Gari ni vilevile: ule mstari ambao gurudumu linazunguka likikata kona lazima ulalie nyuma, digrii tatu hivi. Sasa, ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili ya chuma inayotoka kwenye chesisi. Nzioka alipoinua chesisi, ile mikono ikainama, ikazungusha ekseli, mstari ukasimama. Nimepima mara tatu. Imebaki nusu digrii! Na huo mkia aliouinua zaidi ndio umemaliza kazi, gari nzima inaangalia chini.

Nimemwonyesha Nzioka uzi wangu. Amesema yeye ni fundi miaka kumi na minane na hajawahi kuona hiyo digrii. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Lakini kuna bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya mikono, zilizotobolewa kando, si katikati, ambazo zinarudisha ekseli mahali pake. Amekubali kuziagiza Nairobi. Kwa sharti kwamba nisimwambie mtu ni makosa yake.

Jumanne, 12 Agosti

Nimetoka Kibwezi kuchukua mbuzi. Ntheo inataka watatu, lakini mjomba Mutie, ambaye ndiye msemaji wetu, ameamua tupeleke saba ili tufute ile aibu ya punda. Kwenda nilienda kwa arobaini, mabega yakiuma kama nimelima.

Abdiwahab, yule muuza mifugo, alizunguka gari mara moja tu, akacheka. Akaniambia: "Mwalimu, gari yako imeinama kama inatafuta kitu imepoteza. Weka mbuzi nyuma kabisa, itainua kichwa. Mimi nimebeba mifugo kutoka Garissa miaka mingi, wallahi naijua hiyo."

Nilidhani ni maneno ya biashara. Basi tumepakia saba, kamba fupi, nyuma kabisa. Kufika Makindu niko kwa themanini bila kujua! Nikaachilia usukani kidogo — Kavaluku akanyooka. Nikasimama kando, nikatoa rula. Mkia umeshuka sentimita nane. Nikapiga hesabu juu ya boneti: karibu digrii mbili zimerudi. Mbuzi saba wamenirudishia digrii mbili! Niliwashukuru mmoja mmoja. Mmoja amekula karatasi ya hesabu.

Alhamisi, 14 Agosti

Bushi zimefika. Si za Landrova. Nzioka amezigeuza, amezigonga, amezilaumu, ameziweka chini. Zingine ni wiki ijayo.

Nilishangaa jinsi nilivyotulia. Jumamosi si mbuzi watakuwa ndani? Basi. Gari itanyooka. Hesabu imekubali! Katunge ananiuliza kwa simu kama niko sawa, baba yake amepiga pasi ile kofia yake ya udereva. Nimemwambia amwambie Mzee atafurahi.

Jumamosi, 16 Agosti — saa saba, kwa kina Katunge

Tumefika. Ule mto tumeuvuka bila hata kukohoa! Mzee Kimeu alikuwa ng'ambo na punda wake wawili, wamefungwa kamba tayari. Alituangalia tukipita. Akageuza punda, akawarudisha nyumbani.

Mbuzi wamepokelewa, wote saba. Vigelegele. Mjomba Mutie amesema vizuri, hata akalia kidogo. Nimepewa nyama. Nikaangalia nje ya dirisha, nikamwona Kavaluku amesimama uani, mkia juu.

Mbuzi wanabaki!

Nimesahau kutoa. Mimi, mwalimu wa hesabu! Saba toa saba.

Na hawawezi kurudi garini, hata mmoja, hata kwa dakika tano. Mbuzi wa ntheo akirudi kwa mwenyewe maana yake binti amekataa, na mambo yameisha. Nimemwomba mjomba Mutie akae nyuma. Amesema hakuja ukweni kuwa mzigo. Mama mkwe uzito wake ungetosha kabisa, lakini hata kumsalimia kwa mkono siruhusiwi, nitamwambiaje akae mahali pa mbuzi? Naogopa. Naogopa kweli. Nampenda huyu msichana na nitampoteza kwa sababu ya digrii mbili.

Saa tisa, ndani ya gari

Naandika nikiwa kwa usukani. Mzee ametoka. Koti, kofia, suruali ina mstari.

Hajapanda. Anazunguka gari. Ameinama mbele, anaangalia ile mikono ya ekseli — muda mrefu. Ameuliza bila kuniangalia ni nani aliyeinua hii gari. Nikasema ni fundi wa Kathonzweni. Amesema, "Ii," kama mtu aliyepata jibu. Sasa anaangalia mkia. Ameondoka.

Anaenda zizini.

Anarudi na kamba. Mbuzi wawili! Wetu! Yule aliyekula hesabu yangu na mwenzake. Anawaleta kwa gari. Mashangazi wanatoka jikoni kuangalia. Mjomba Mutie amesimama na mfupa mkononi. Sioni vizuri ninachoandika.

Katunge amekimbia, amemshika baba yake mkono. "Baba! Hao si wa kurudi kwa gari!"

Mzee amewaangalia mbuzi, akaangalia watu, kama ameamshwa. Akasema: "Mimi nilikuwa natafuta uzito tu."

Amempa shangazi kamba. Amefungua mlango wa nyuma. Anapanda — na ile suruali! Amekaa chini kabisa, mahali pa mbuzi, na Katunge amepanda akakaa kando yake na kitenge kipya. Shangazi mmoja anaingia pia. Mwingine. Nasikia springi zikishuka. Kiti cha mbele hakina mtu.

Mzee anagonga bodi kwa kiganja.

"Muthoni, unaandika ama unaendesha? Huku tumekaa vibaya."