Shingo Niliyoipiga Randa

...basi wale paka, Shaabani, wakawa watatu. Juzi pale kaburini kwako nilikatizwa, walikuja watu na jeneza lao, nikaona haya kukaa naongea peke yangu. Nikaondoka habari ikiwa nusu. Leo nakuandikia. Mwandiko wangu unaujua, niliishia la nne, usinicheke.

Paka walikuwa wananifuata kwa ajili ya gita lako. Nililitia shingo mpya, nikaipaka mafuta ya papa. Nikajisemea, mbao za mashua zinakaa miaka majini kwa mafuta haya, shingo ya gita itashindwa nini? Bwana wee! Makorora nzima ilinuka. Mke wangu akatutoa nje, mie na gita. Mkeo Mwanaidi akapita, akasimama, akanusa. "Shemeji, leo mnakaanga nini?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu tukuzike sijamsikia akicheka vile.

Eda kamaliza salama, hajambo, kanenepa kidogo. Na mwanao Rehema anaolewa kesho. Kasema hataki muziki wa kwenye simu, anataka gita la baba yake, na nipige mie. Mie wa rizimu! Miaka ishirini nimesimama nyuma yako kwenye harusi, nakutilia rizimu ya kukusindikiza, wewe unakula makofi.

Sasa sikia nilichowaficha. Baada ya arubaini yako Mwanaidi alinikabidhi gita, akasema, "Chukua, wewe ndo ulikaa naye." Baadaye nikamwambia nimeanguka na bodaboda kule Raskazone, shingo ikavunjika. Akanipa pole, akanichemshia na uji. Uongo, Shaabani. Hakukuwa na bodaboda.

Shingo yako ilikuwa nene. Wewe mkono wako kama kasia, mie mkono huu unaujua, ulikuwa ukiniambia wa mtoto wa chuoni. Miaka yote nilikuwa nawaambia watu, nipeni gita lile mwone. Nikapewa. Wakaona! Dole gumba halizunguki, vidole havifiki. Na kila harusi ni hilohilo, "Angekuwepo Shaabani!" Mtu kafa, bado anashangiliwa. Mie mzima, nimevaa shati jipya, naambiwa angekuwepo Shaabani. Wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki changu.

Siku moja mke wangu kaenda sokoni, nikaazima randa kwa jirani. Nikaipunguza shingo kidogo. Nikajaribu, bado. Nikapunguza tena. Nilikuwa najiambia napunguza mbao. Wallahi nilikuwa nakupunguza wewe. Randa ikagonga kile chuma kinachopita ndani ya shingo, mbao ikapasuka kutoka juu mpaka chini. Nilikaa pale uani nimeshika vipande viwili, kuku wananitazama.

Mussa mpiga ngoma, siku hizi yuko Horohoro, kaoa wa tatu, na huyo wa tatu ndo anampiga yeye, lakini hiyo habari nyingine. Ndiye aliyeniletea shingo mbili nichague. Moja nene, ndugu wa ile yako kabisa. Ningeichukua hiyo, hakuna ambaye angeuliza kitu. Nikaishika, nikaiweka chini. Nyingine nyembamba, mbao tupu, nyeupe, haijapakwa chochote. Nikaitazama kwa jicho moja kutoka mwisho hadi mwisho, imenyooka. Nikaikamata, dole gumba likazunguka lenyewe. Nikasema, hii ya kwangu.

Matundu ya skrubu hayakukutana. Nikaziba kwa njiti za kiberiti na gundi, nikatoboa upya. Msasa mkali, msasa laini, halafu hayo mafuta ya aibu. Nikayafuta kwa spiriti, nikaianika kivulini mpaka paka wakakata tamaa. Vanishi nyepesi mara mbili. Ikang'aa kama sufuria mpya, lakini kiganja kinanata, hakitelezi. Nikachukua msasa uliokwisha makali nikausugua ule mng'ao mpaka ukafa. Hapo ndipo mkono ulipoanza kutembea.

Jana tumefanya mazoezi. Nikapiga, Shaabani. Nikapanda mpaka kule juu unakokujua wewe. Vidole hivi hivi! Namaliza, jasho linanitoka, shangazi yako Bi Mwanahawa kajifunika uso, analia. "Subhanallah, Shaabani huyo karudi!" Wote wakaitikia. Karudi wapi? Wewe umelala, mie ndo nimelowa shati!

Nilikasirika mpaka chai haikunywika. Halafu nikaikumbuka ile harusi ya Pangani. Ulijifanya tumbo linakuuma, ukanisukumia gita mbele ya watu, "Shika, Kombo. Gita halipigi, kidole ndo kinapiga." Nikakataa. Nikasema shingo nene. Ukaenda kula biriani nje, unanichungulia dirishani, unasubiri nishike. Sikushika. Ulinipa nafasi, nikaitupa, halafu nikakuonea wivu kwa nafasi niliyoitupa mwenyewe.

Leo asubuhi Rehema kaleta salamu. Anaitaka shingo ya zamani hivyohivyo ilivyovunjika, aende nayo kwa mumewe, ina jasho la babake. Imo chini ya kitanda, nimeifunga kwenye khanga. Na Mwanaidi ni mtoto wa seremala. Akiishika tu atajua hii imepigwa randa, haikuanguka na bodaboda. Nilikwenda nayo jikoni niichome. Nikaiweka motoni, nikaitoa upesi nikaungua kidole, hiki cha kati, cha kesho. Ile sehemu ambayo randa haikufika bado ina weusi wa kiganja chako.

Basi nakuahidi, nitawaambia wote wawili kabla ya harusi. Wakininyang'anya gita, sawa. Wakiniachia, nitampigia Rehema, lakini nitapiga yangu, siyo yako. Nawe nisaidie kitu kimoja. Kesho usirudi. Kaa hukohuko ulipo, Mungu akupanulie. Siku zote zilikuwa zako, niachie moja.

Nikupe na habari ya Bi Mwanahawa na yule muuza... Ah, Mwanaidi huyo uani. "Shemeji Kombo! Iko wapi shingo? Rehema anasubiri!" Anakuja mwenyewe, nasikia ndara zake.

Kwaheri ndugu yangu. Naifungua khanga.