Wimbo wa Kupokea Wakubwa

Mubi, siku ya ine, magaribi

Na bado wakubwa wanatuletea hotuba! Bomu ililipuka juzi kwa barabara, mbele ya maduka, ikauwa watu. Bwana ya Mama Furaha njo alikuwa kati yao. Leo wakafika kwa kilio na motokari zao, askari wao wakatwaa viti vya wafiwa ili wakubwa waikale. Mama Furaha, mufiwa, akabakia chini kwa mukeka.

Kisha wakatuambia sisi mama wa korali: «Muimbe wimbo ya kupokea wageni.»

Kupokea nini? Sauti zetu zilikauka na kulia. Tukaimba ya kuzika, kwa Kinyanga, luga yetu, ile tulimuimbia bwana yake jana kwa makaburi.

Mukubwa wao hasikie Kinyanga. Akasimama, akacheza, mikono juu, askari wakapiga makofi. Niliuma pindo la kikwembe changu ili nisicheke. Halafu nikaogopa. Huyu njo atatulinda?

Kabla ya kupanda motokari akasema: «Mama zangu, wimbo muzuri sana! Siku nitarudia hapa, muniimbie tena.»

Mama Furaha akamujibu kutoka kwa mukeka: «Ndiyo, Papa. Tunakuchungia wimbo hiyo hiyo.»