Kwenye Televisheni Alitokea Kiwiko Tu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana hapa nilipo sijui nicheke au nilie. Mume wangu ni trafiki, na walikuja watu wa televisheni wanaotengeneza kipindi cha askari wa barabarani, wakamfuata kazini na kamera, wakawa wanamwambia asimamishe gari, arudie kulisimamisha, aeleze anachofanya, naye akanunua miwani ya jua, akaalika ndugu, jamaa na majirani waje sebuleni kwetu kumtazama, mashemeji wakakaa mpaka sakafuni, kipindi kikaanza, tukamsubiri weee, kumbe wamemkata kote, kilichotokea ni kiwiko chake tu, nyuma ya mwenzake anayehojiwa. Nilicheka, Mshauri, nani asingecheka?

Tangu siku hiyo kipindi kimehamia nyumbani. Akirudi kutoka kazini anaingia, anatoka, anaingia tena ili ionekane vizuri, halafu anaigeukia friji na kuiambia, "Tumepata taarifa za sufuria inayochemka bila mwangalizi, sasa tunaelekea eneo la tukio." Jana mama yake mzazi alikuwa anatoka chooni, akapigiwa filimbi koridoni, akaulizwa anatoka wapi na anaelekea wapi, na mama wa watu akajieleza!

Sasa Jumamosi wazazi wa mchumba wa binti yetu wanakuja kwa mara ya kwanza, na mume wangu ameshapanga koni mbili za trafiki mlangoni. Binti analia, anasema, "Mama, baba akiwapigia filimbi wakwe zangu, hiyo ndoa sahau." Niifiche filimbi, au nimpeleke hospitali?

Mke wa Kiwiko

Mke wa Kiwiko,

Pole, ila pole yangu ni nusu tu, nusu nyingine nampelekea mumeo. Umeniandikia barua nzima juu ya filimbi, na kicheko chako ukakipitisha harakaharaka kama mtu asiye na leseni. Mwanamume kajaza sebule watu wake, kavaa miwani ndani ya nyumba, katokea kiwiko, na wa kucheka ni mkewe! Ulitaka akamhadithie nani? Friji angalau haikumcheka.

Hospitali ya nini? Leo akiingia mara ya pili, mkaribishe mara ya pili, halafu umwombe radhi bila kutabasamu. Najua ni kazi, jikaze. Kisha mwambie kuna wageni Jumamosi na hakuna wa kuwaonyesha pa kuegesha. Koni zitoke mlangoni ziende barabarani, naye azifuate, na filimbi yake na miwani yake. Wakwe watasimamishwa, ndiyo, lakini sijasikia ndoa iliyovunjika kwa sababu baba wa bibi harusi aliwapa wageni nafasi ya kivulini. Binti afute machozi, ashike simu, amrekodi baba yake, uso mzima. Wageni wakishaondoka mtazame nyote hiyo video, na wewe ole wako ucheke kabla hajacheka mwenyewe.

Nifikishie na salamu. Kipindi kile nilikitazama. Yule aliyekuwa anahojiwa hata sura yake siikumbuki, lakini nyuma yake niliona kiwiko kimeinuka, na lori zima likasimama.