Nani Ataupokea Mkate wa Shule

Alhamisi, 16 Januari

Shule imefunguliwa. Theluji hadi dirishani. Wanafunzi wote wamehudhuria — wote watano! Mjini hao ni dawati moja na nusu.

Gvozden kaja mwenyewe kunipa habari, kofia mkononi. Watoto wake pacha, Vukan na Neda, anawahamishia mjini likizo ya kiangazi. Mkewe, Živka, kapata kazi kule kwenye kiwanda cha soksi, na shule ya kule ina ukumbi wa michezo. Nikasema hongera. Akasema asante, Mwalimu, kwa kulipokea vizuri. Nimelipokea vizuri! Wakibaki watatu, ofisi ya elimu inatufunga. Walishaniambia kwa simu, kwa sauti ya mtu anayekupa pole huku anatafuna.

Naishi juu ya darasa hili tangu nilipokuwa msichana. Naogopa. Basi, nimeshaandika.

Jumatatu, 20 Januari

Wiki ijayo sikukuu ya Mtakatifu Sava, mlinzi wa shule zote, hata zinazofungwa. Mwenyeji wa mwaka huu ni Tihomir muuza jibini. Nguruwe tayari, divai tayari. Kasheshe ni mwenyeji wa mwakani. Lazima mtu aupokee mkate wa sikukuu mikononi mwa padri. Akishaupokea, mwakani yeye ndiye wa kutulisha wote. Zamani wanaume walisukumana kwa heshima hiyo. Leo nimebisha hodi nyumba kwa nyumba. Mmoja mgongo unamsumbua. Mwingine mama mkwe. Wa tatu kaniuliza: "Mwenyeji wa nini, Mwalimu? Wa popo?"

Nilicheka. Ilibidi.

Jumatano, 22 Januari

Mazoezi ya wimbo. Sauti tano, ila Vukan anapiga kelele za watu wawili. Neda kaniuliza kama mjini wanaimba wimbo huohuo. Nikamwambia ndiyo, ila kule wako wengi, hutasikika. Haikuwa vizuri kumwambia mtoto hivyo. Lakini nilijisikia raha kidogo.

Jumapili, 26 Januari

Radojka, mfagiaji wetu, kaoka mkate. Umeumuka hadi haupiti mlango wa kabati. Namwambia, huu ni wa kijiji kizima! Ananijibu, ukiwa mdogo, Mwalimu, watasema tumeshakata tamaa.

Nikamwambia, wakikataa wote nitaupokea mimi. Kaguna. "Mwalimu ajialike mwenyewe? Watatucheka hadi bondeni!"

Jumatatu, 27 Januari

Naandika haraka. Watu bado wako chini, darasani.

Padri Miloje kachelewa. Ana mafua, na shule nyingine mbili zinamngoja. Uvumba, wimbo, ngano ya kuchemsha. Mkate ukamiminiwa divai, ukazungushwa. Kisha akauinua. "Haya, jamani, nani anaupokea?"

Wanaume wazima, mikono nyuma, kama watoto ninapokagua kucha. Padri akauliza tena. Mtu huko nyuma kasema, upeleke mjini, Baba, wana ukumbi! Wakacheka. Gvozden hakucheka. Alisimama mbele kabisa, maana wanawe walikuwa wameimba.

Na hapo padri akapiga chafya. Chafya ya maana! Mkate ukamponyoka. Sasa, kwetu mkate huo kugusa sakafu ni balaa la mwaka mzima. Gvozden kalelewa na bibi yake, mshika dini. Hakufikiri. Kaudaka. Kwa mikono miwili.

"Iwe heri, mwenyeji!" Tihomir kapaza sauti kabla mtu hajapumua. "Iwe heri, mwenyeji!" darasa zima. Padri akambusu mashavu mara tatu, mafua na yote, akakimbilia shule ya pili.

"Jamani, nimeudaka tu! Usianguke!"

"Na haukuanguka," Tihomir kamjibu. "Umeupokea vizuri sana, bwana."

Sasa hana pa kuuweka. Ukishapokewa hautui mpaka ufike kwa mwenyeji. Kila anayemgeukia, mikono inarudi nyuma. Kaniuliza kwa upole, eti mwenyeji anaweza kuwa na watoto shule nyingine? Nikamwambia hilo ni swali la padri. Gari la padri lilikuwa limeshakata kona.

Halafu akaomba kitambaa safi cha kuufunika. Nikapanda kukitafuta. Ninacho hapa, magotini. Bado nakitafuta.

Živka kafika. Kaja kuchukua pacha tu, kaacha gari linanguruma nje. Sakafu yangu ni mbao, nasikia yote.

"Weka hicho kitu, twende zetu."

"Niweke wapi?"

"Popote, Gvozden! Mpe mtu!"

"Haya. Pokea wewe."

Hakuna anayecheka. Hata Tihomir. Nimekikunja kitambaa mara nne, mtu mzima mimi.

Neda anasema kitu, sikisikii vizuri.

"Mwalimu!" Radojka ananiita kwenye ngazi. "Kitambaa!"

Nakuja, namwambia, bado sijakiona.

Viatu vya Živka vinatoka nje, yeye peke yake. Nangoja gari liondoke.

Kazima injini.