Mwenye Mashine

Tabora, Jumanne

Kwa hiyo picha zetu huwa wanazifungua. Leo akaunti ninayohifadhia picha mtandaoni imefungwa. Ujumbe wa kampuni unasema mashine yao ya ukaguzi imekuta picha ya mtoto isiyoruhusiwa, nao "wamejiridhisha". Mashine haijiridhishi. Kuna mtu ameangalia.

Picha yenyewe ni mgongo mtupu wa mwanawe Mama Kulwa, wenye alama za fimbo za mwalimu. Nilimwahidi hautaonwa na yeyote kabla hajamhamisha shule.

Nimempigia simu Mama Kulwa kwake Puge, nikamweleza.

"Kaka, hiyo mashine ina ndugu huku Puge?"

"Haina."

Akacheka kidogo. "Na mwenye mashine?"

Maswali ya namna hiyo huwa nauliza mimi mwandishi. Nimemjibu kwamba sijui.

Akasema mtoto kesho haendi shule, mwalimu asije akawa amepata habari.