Ndege Arobaini na Moja wa Verlyn Stensrud

KITUO CHA POLISI ASKELUND, MINNESOTA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Marlys Haugen
Umri: Miaka 71
Kazi: Mpishi wa shule, mstaafu
Makazi: Barabara ya Kanisa, Askelund
Hali ya ndoa: Mjane

Yameandikwa tarehe 22 Desemba 2025, saa nne asubuhi, mbele ya Sajini K. Paulsrud.

Mimi ni mmoja wa watu wanaojitolea kuhesabu ndege hapa kwetu kila Desemba. Wenye nguvu za kutembea huenda msituni. Wazee huhesabu wakiwa dirishani, wakitazama visanduku vya mbegu walivyowatundikia ndege nje, na mimi hupokea simu zao. Kazi hiyo niliifanya na mume wangu Duane kwa miaka kumi na tisa. Mwaka huu niko peke yangu.

Hesabu ya dirishani ina sharti moja: hujumlishi. Ndege yuleyule huenda na kurudi kutwa nzima, kwa hiyo unaandika idadi kubwa kabisa uliyoiona kwa wakati mmoja, basi. Aliyenifundisha hilo ni Verlyn Stensrud, miaka 83, anayeishi peke yake Barabara ya Ziwani.

Mnamo tarehe 20 Desemba, Jumamosi, saa sita na dakika kumi mchana, Verlyn alinipigia simu. Alianza kwa utani kama kila mwaka.

"Karani, kalamu ipo, au umeitia kwenye supu?"

"Ipo, mzee wa dirishani. Sema."

"Kofia-nyeusi, arobaini na moja."

Hao ni ndege wadogo, na kwake huwa sita au saba. Nikamwambia, "We Verlyn, wamekuja na basi?"

"Wanakuja, wanaondoka, wanakuja tena. Nimewajumlisha wote." Kisha akasema, "Kichwa kinaniuma tangu asubuhi. Paka naye hataki hata kuamka."

Akakata simu bila kuaga.

Nilikuwa nimeshaandika 41. Nikaitazama. Mwaka jana, siku ya hesabu, Duane alihesabu kunguru walewale mara mbili tukiwa garini. Nilimcheka, nikamwambia avae miwani. Alikuwa mgonjwa. Siku tatu baadaye alifariki kwa kiharusi.

Nilizima jiko, nikachukua funguo za gari.

Nilifika kwa Verlyn saa sita na nusu. Upepo wa Ijumaa ulikuwa umerundika theluji ukutani upande wa kaskazini, na bomba la moshi la tanuru la kupashia nyumba joto, linalotokea hapo ukutani, lilikuwa limefukiwa kabisa. Niligonga, hakuitika. Nilimwona dirishani akiwa kwenye kiti chake, daftari magotini, kidevu kimeangukia kifuani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nilichukua koleo lake la theluji, nikavunja kioo cha mlango wa jikoni, nikaingia. Kioo hicho nimekivunja mimi, si mtu mwingine. Nilimburuta hadi barazani, nikamfunika kwa koti langu na blanketi la kiti. Nikapiga simu ya dharura saa sita na dakika thelathini na nane. Kisha nikamtoa paka. Yu hai, yuko kwangu.

Gari la wagonjwa lilichukua dakika kumi na nne. Verlyn alikuwa akipumua. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kumshika mkono, na visanduku vyake vilikuwa mbele yetu. Nikahesabu. Kofia-nyeusi walikuwa saba kwa wakati mmoja.

Jioni, kwenye ukumbi wa kanisa ambako husomeana hesabu zetu tukinywa supu, ilipofika zamu ya nyumba ya Stensrud nilisoma saba.

Jana nilikwenda hospitali. Daktari alisema hewa yenye sumu ya tanuru ilikuwa imerudi ndani, na kwamba kama angekaa humo saa moja zaidi asingeamka. Verlyn aliniuliza niliandika ngapi.

"Saba."

"Saba ni sawa. Hebu niambie, mjinga gani alikuwa anajumlisha?"

"Wewe."

"Mwongo mkubwa," akasema. Hakuniachia mkono.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya siku hiyo. Nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi: M. Haugen

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake na amekubali kuwa ni sahihi, isipokuwa mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika kwamba marehemu mumewe alikosea kuhesabu. Ameomba iandikwe kwamba alikuwa mgonjwa. Nimesahihisha.

K. Paulsrud, Sajini